Bwana Shamba Aliyekuwa Mtemi

Hapa Kipalapala ukilitaja jina la Fundikira, wazee huanza habari za misafara iliyopita Unyanyembe ikienda Ujiji. Huyo ni Fundikira wa Kwanza. Mimi nataka kuwaeleza habari za wa Tatu, Marehemu Abdallah Saidi Fundikira (1921–2007).

Alisoma Tabora School, kisha akaenda Makerere kusomea kilimo, akawa bwana shamba wa Serikali. Kwa maoni yangu hayo yalikuwa maandalizi mema, maana asiyejua udongo atawatawalaje wakulima? Mwaka 1957 alitawazwa Mtemi wa Unyanyembe. Nchi ilipopata Uhuru, Desemba 1961, alikuwa Waziri katika Serikali ya Mwalimu Nyerere, akishughulikia mambo ya sheria.

Mwaka 1963 alijiuzulu uwaziri. Lakini utemi nao ulifutwa nchini mwaka huohuo, basi hapakuwa na kiti cha kurudia nyumbani. Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, naye amekwisha pita miaka sabini, aliingia tena uwanjani akiongoza chama cha UMD.

Babu yangu hakumwita Waziri hata siku moja. Alimwita Mtemi.