Umeme na Cheti Chake

Maji ya mlima wetu yana kazi nyingi. Tunayanywa. Tunamwagilia migomba na kahawa. Yanayobaki yanateremka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, kwenye mitambo ya umeme ya megawati 8. Yakitoka hapo yanafuata mto Pangani hadi mitambo ya Hale ya megawati 21, kisha ile ya Pangani ya megawati 68. Ndipo yanaingia baharini.

Umeme wa namna hiyo huitwa umeme jadidifu. Maana yake, chanzo chake hakiishi kwa kutumiwa, maadamu mvua inanyesha na misitu ipo. Jua na upepo ni hivyo hivyo. Gesi ya Songosongo na ya Mtwara ni kitu kingine. Ikishachomwa imekwisha, na hewa yake chafu inazidisha joto duniani.

Sasa, ziko nchi ambako mteja anaweza kuiambia kampuni ya umeme: "Mimi nataka umeme wa jua. Niongezeeni bei kidogo, nitalipa." Hakuna sheria inayomlazimisha. Analipa kwa hiari yake. Huko Marekani mipango hiyo ilienea miaka ya 1990, na leo hata makampuni makubwa yamo.

Je, mteja huyo anavutiwa waya wake peke yake? Hapana. Hebu tufikirie mfereji, au mfongo kama tunavyouita wenyewe. Vijito vitatu vinaingia mfongo mmoja. Ukifungulia maji shambani kwako huku chini, utajuaje tone lipi limetoka kijito kipi? Huwezi. Umeme nao ni hivyo. Wa maji, wa gesi na wa jua, ukishaingia kwenye waya za gridi ya Taifa umechanganyika. Taa ya Moshi mjini haina habari imewashwa na nini.

Basi mteja yule analipia nini? Analipia cheti.

Anayezalisha umeme wa jua au wa maji ana mita. Kila yuniti 1,000 zikipita, anaandikiwa cheti kimoja chenye namba yake. Ni yuniti zile zile tunazonunua kwa LUKU. Nyumba inayotumia yuniti 75 kwa mwezi itachukua zaidi ya mwaka mmoja kumaliza yuniti za cheti kimoja. Lakini mitambo ya Nyumba ya Mungu, ikienda kwa nguvu zake zote saa moja tu, inatoa yuniti 8,000. Hizo ni za vyeti 8.

Tangu hapo mzalishaji ana vitu viwili vya kuuza. Umeme anawauzia walio kwenye waya. Cheti anaweza kumwuzia mtu mwingine kabisa. Aliyenunua cheti ndiye mwenye haki ya kusema, "Nimetumia umeme wa jua." Akishasema, cheti kinafutwa kwenye daftari la vyeti ili kisiuzwe mara ya pili. Bila daftari hilo soko zima lingekuwa utapeli. Ni kama kahawa pale chama cha msingi: gunia moja, stakabadhi moja.

Mambo haya hayako Ulaya na Marekani tu. Jirani zetu wa Goma, huko Kongo, wameyaona. Mwaka 2020 kampuni ya Nuru ilifungua mjini humo mitambo ya jua ya megawati 1.3. Mwaka ule ule kampuni ya Microsoft ya Marekani ikakubali kununua vyeti vyake. Viliitwa vyeti vya amani, kwa kuwa vinatoka sehemu zilizosumbuliwa na vita. Umeme wenyewe haukwenda Marekani. Ulibaki Goma kwa watu wa Goma. Fedha za vyeti zilipangiwa taa za barabarani katika mtaa wa Ndosho.

Huo ni mfano mzuri, lakini tusidanganyane. Bwawa lililojengwa miaka mingi iliyopita likiuza vyeti leo, hakuna mtambo mpya uliojengwa. Mnunuzi kapata sifa, mwenye bwawa kapata fedha, na gesi inachomwa vile vile. Cheti kina maana pale fedha zake zinapojenga kitu ambacho kisingejengwa. Tena bei ya vyeti hupanda na kushuka kama ya kahawa. Kijiji kisiende benki kukopa kwa kutegemea vyeti peke yake.

Sisi wa LUKU hatuulizwi kama tunataka umeme wa maji au wa gesi. Basi kwa nini tunaandika habari hii? Kwa sababu mito yetu ina maporomoko. Anaweza kuja mtu na mpango wa kujenga mtambo mdogo wa umeme kijijini. Mkataba utataja ardhi, maji ya mfongo wakati wa kiangazi, ajira, na bei ya yuniti. Neno "cheti" linaweza kuwa limejificha ukurasa wa nyuma, au lisiwemo kabisa. Lisipokuwemo, mwenye mtambo anaweza kuuza vyeti miaka 20 na kijiji kisijue.

Na kijiji kikikubali vyeti viuzwe, shule yetu haiwezi tena kuandika ukutani kwamba inatumia umeme wa maji. Haki ya kusema hivyo imeshauzwa. Mtu atasema huu ni upuuzi, maporomoko si tunayaona kwa macho! Hata sisi linatuchekesha. Lakini ndiyo masharti ya soko hilo.

Mkataba ukiletwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, usomwe ukurasa kwa ukurasa, na wanaokisomo wote waushike mkononi. Ulizeni: vyeti vitaandikwa kwa jina la nani? Bei ikipanda, kijiji kitapata sehemu gani? Nani atatuonyesha daftari kila mwaka? Majibu yaandikwe ndani ya mkataba wenyewe, kabla mwenyekiti hajatia sahihi na mhuri.