Wizi wa Siri za Akili Mnemba na Funzo kwa Mlinzi wa Zamu



Mwezi Januari 2026, mahakama moja mjini San Francisco, nchini Marekani, ilimtia hatiani mhandisi aliyekuwa mwajiriwa wa kampuni ya Google. Makosa aliyopatikana nayo ni 14: saba ya ujasusi wa kiuchumi na saba ya wizi wa siri za biashara. Mtu huyo hakuvunja mlango, hakushika silaha, wala hakumwaga damu ya mtu. Alichokichukua ni maandishi yanayoeleza namna kampuni hiyo inavyojenga na kuendesha kompyuta kubwa zinazofundisha mashine kufanya kazi ya akili. Kwa mujibu wa waendesha mashtaka, siri hizo zilikusudiwa kuinufaisha China, ambako mhandisi huyo alikwisha kuanza kujenga kampuni yake mwenyewe.

Askari anayekesha zamu usiku huu katika mteremko wa Kiriri, mji wa Bujumbura ukiwa chini yake na Ziwa Tanganyika likiwa mbele yake, ana haki ya kuuliza: ugomvi huo wa matajiri wa mbali unanihusu nini mimi? Mazungumzo yetu ya leo yanakusudia kulijibu swali hilo.

Tuanze na kitu chenyewe kilichoibwa. Akili mnemba, ambayo wengine huiita akili bandia, ni programu ya kompyuta iliyosomeshwa kwa kupewa maandishi, picha na sauti nyingi mno, hata ikaweza kujibu maswali, kutafsiri lugha, kutambua sura ya mtu au kuongoza ndege isiyo na rubani. Kuisomesha programu ya namna hiyo kunahitaji maelfu ya chipu za kompyuta zinazofanya kazi pamoja, usiku na mchana, kwa wiki nyingi, na gharama yake ni mamilioni ya dola. Lakini matokeo ya kazi hiyo yote ni mkusanyiko wa tarakimu unaoweza kuhifadhiwa katika kifaa kidogo. Mfano wake ni huu: serikali humfunza mwanajeshi kwa miaka mingi na kwa gharama kubwa, na hakuna awezaye kuutoa ujuzi huo kichwani mwake na kuutia mfukoni. Ujuzi wa mashine, kinyume chake, waweza kunakiliwa kwa saa chache, na mwenyewe asijue kwamba ameibiwa, kwa sababu chake bado anakiona mahali pake. Ndiyo maana wizi huu ni mgumu kuugundua kuliko wizi wa ng'ombe.

Sasa tuangalie jinsi mhandisi yule alivyofanya, maana hapa ndipo penye funzo kwa watu wa ulinzi. Aliajiriwa mwaka 2019. Kuanzia Mei 2022, kwa muda upatao mwaka mmoja, alikuwa akinakili maandishi ya siri kutoka mafaili ya kampuni na kuyaweka katika daftari la kawaida la kompyuta aliyopewa kazini. Kisha aliyageuza kuwa nyaraka za namna nyingine na kuyapeleka katika hifadhi yake binafsi, na kwa njia hiyo akaikwepa mitambo iliyowekwa kuwanasa wezi. Hati ya kwanza ya mashtaka, ya Machi 2024, ilitaja mafaili zaidi ya 500.

Kuna jambo jingine dogo ambalo kila mlinzi wa lango anapaswa kulishika. Mwezi Desemba 2023, mhandisi huyo alipokuwa China, beji yake ya kuingilia kazini iliendelea kusomwa na mashine ya mlangoni huko Marekani, kana kwamba yupo na anafika kazini kama kawaida. Mfanyakazi mwenzake ndiye aliyekuwa akiipitisha kwa niaba yake. Mashine iliona beji, ikaridhika. Ukweli ulidhihirika pale wachunguzi walipoziangalia picha za kamera ya mlangoni na kuuona uso wa mtu mwingine. Kwa maneno mengine, katika kampuni iliyo miongoni mwa tajiri kuliko zote duniani kwa mitambo, lango lilidanganywa kwa hila ambayo hata kuruta anaijua: kuazimana kitambulisho. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Mahakamani, upande wa utetezi ulidai kwamba nyaraka hizo hazikuwa siri hasa, kwa kuwa wafanyakazi wengi wa kampuni waliweza kuzifikia. Hoja hiyo haikumwokoa mshtakiwa, lakini si hoja ya kipuuzi, na inatufunza sheria yenyewe. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za ubunifu, katika kifungu chake cha 39, unaweka masharti matatu ili jambo lihesabiwe kuwa siri ya biashara. Kwanza, lisiwe linajulikana kwa kawaida miongoni mwa watu wa kazi hiyo. Pili, liwe na thamani kwa sababu halijulikani. Tatu, mwenyewe awe amechukua hatua za kutosha kulilinda. Burundi ni mwanachama wa Shirika hilo tangu mwaka 1995. Asiyefunga mlango wake, basi, hudhoofisha hata madai yake mbele ya hakimu.

Ndugu wasikilizaji, wizi wa siri za uchumi haukuanza na kompyuta. Katika karne za 17 na 18, Waholanzi walihodhi biashara ya karafuu. Miti yote iliyoota nje ya visiwa walivyovichagua kule Maluku waliamuru ikatwe, ili pasiwepo mwingine wa kuuza. Mwaka 1770, watu waliotumwa na Mfaransa Pierre Poivre walifanikiwa kuitorosha miche na mbegu hadi kisiwa cha Mauritius. Kutoka visiwa vile vya Bahari ya Hindi karafuu ilifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na haukupita muda mrefu Zanzibar ikawa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Mche mmoja uliotoroshwa uliyahamisha mapato ya dola nzima. Tena mashamba yaliyostawi kwa mche huo yalilimwa kwa jasho la watumwa, wengi wao wakiwa wametekwa katika nchi za bara, hata pande hizi za Ziwa Tanganyika. Tusidhani, basi, kwamba mashindano ya wakubwa hayamfikii mnyonge. Humfikia, tena mara nyingi yeye ndiye hulipa gharama.

Mashindano ya leo yana sura hiyohiyo. Chipu bora kuliko zote hutengenezwa kwa wingi katika kisiwa cha Taiwan. Mashine zinazochora chipu hizo kwa mionzi maalumu hutengenezwa na kampuni moja tu duniani, ASML ya Uholanzi, na mwezi Februari 2023 kampuni hiyo ilitangaza kwamba mtu aliyekuwa mfanyakazi wake nchini China alichukua habari zake za kiufundi bila idhini. Kabla ya hapo, Oktoba 2022, serikali ya Marekani ilikuwa imepiga marufuku kuiuzia China chipu zenye nguvu zaidi pamoja na mashine za kuzitengenezea. Januari 2025, kampuni ya China iitwayo DeepSeek ilitoa programu iliyoshindana na zile za Marekani kwa gharama iliyotajwa kuwa ndogo, na kwa siku moja tu thamani ya kampuni ya chipu ya Nvidia katika soko la hisa ilishuka kwa dola zipatazo bilioni 590.

Kampuni ya Marekani ya OpenAI ilidai wakati huo kwamba washindani wake walikuwa wakiiuliza programu yake maswali mengi mno, kisha wakayatumia majibu yake kusomeshea programu yao. Je, huo ni wizi, au ni mwanafunzi aliyemsikiliza mwalimu? Wanasheria wanabishana. Na haki inatutaka tuseme pia kwamba mlalamikaji huyo naye analalamikiwa: Desemba 2023 gazeti la New York Times liliishtaki OpenAI kwa kuyatumia maandishi yake bila ruhusa. Katika ugomvi huu, kila upande humwita mwenzake mwizi, na sisi tusiwe wepesi wa kushangilia upande wowote.

Sasa turudi nyumbani. Kilomita zipatazo 20 kusini mwa Bujumbura, mahali paitwapo Gakara, kuna madini adimu yenye ubora unaohesabiwa kuwa miongoni mwa wa juu kabisa duniani. Ndani yake hupatikana madini ya kutengenezea sumaku zenye nguvu, zinazotumika katika mota za magari ya umeme, katika ndege zisizo na rubani na katika diski za kuhifadhi kumbukumbu za kompyuta. Mwaka 2017 kampuni ya kigeni ilianza kuyasafirisha, na mwaka 2021 serikali ya Burundi ilisimamisha kazi hiyo, ikisema kwamba taifa halikupata haki yake katika mikataba ya namna hiyo.

Lakini jiwe kutoka Gakara si sumaku. Madini yaliyomo hushikana kiasi kwamba kuyatenganisha moja baada ya jingine ni kazi ya kemia yenye hatua nyingi, na ujuzi wa kazi hiyo, kwa sehemu kubwa, umo mikononi mwa China. Desemba 2023 China ilipiga marufuku kuipeleka nje teknolojia ya kuchambua na kutenganisha madini hayo. Angalieni basi jinsi mambo yalivyo: Marekani inaficha siri ya chipu, China inaficha siri ya madini adimu, na sisi wenye jiwe hatuna moja wala jingine. Jirani zetu wa Kongo ya mashariki wanachimba koltani inayoingia katika simu na kompyuta za dunia nzima. Mjini Nairobi, kama gazeti la Time lilivyoeleza Januari 2023, vijana walilipwa chini ya dola mbili kwa saa kuchambua maandishi machafu ili programu ya OpenAI ifundishwe adabu. Tunatoa jiwe na tunatoa jasho. Thamani kubwa inabaki kwa mwenye kuijua siri ya kuviunganisha.

Wako watakaosema: ikiwa hatuna siri, hatuna cha kuibiwa. Hilo ni kosa. Mwezi Januari 2018 gazeti la Le Monde la Ufaransa liliandika kwamba katika makao makuu ya Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa, jengo lililogharimiwa na China na kufunguliwa mwaka 2012, kompyuta zilikuwa zikipeleka habari Shanghai kila usiku, kati ya saa sita na saa nane, wakati ofisi zikiwa tupu. China ilikanusha vikali, na viongozi wa Umoja nao walikanusha. Hatupo hapa kuamua kesi hiyo. Lakini wanajeshi wetu waliohudumu Somalia chini ya bendera ya Umoja huo kuanzia Desemba 2007 wanajua maana ya nyaraka zinazopita katika kompyuta za namna ile: mahali vikosi vilipo, idadi ya watu, njia za kupeleka chakula na risasi. Siri ya namna hiyo haipimwi kwa dola. Hupimwa kwa roho za watu.

Ni nini basi wajibu wa askari? Kwanza, kitambulisho kitazamwe pamoja na uso wa mwenye nacho, hata akiwa mtu unayemfahamu, hata akiwa mkubwa wako. Kwa kufanya hivyo humvunjii heshima, unamlinda. Pili, nyaraka za kazi zisipigwe picha kwa simu ya binafsi, wala flashi iliyookotwa au kuazimwa isichomekwe katika kompyuta ya ofisi. Tatu, yaliyo ya zamu yasiandikwe katika programu za akili mnemba za kwenye simu ili zikusaidie kutengeneza ripoti. Unachokiandika humo waweza kuhifadhiwa katika kompyuta zilizo nje ya nchi, na huna uwezo wa kukirudisha.

Jambo la nne ni zito kuliko hayo, na ni la kujizuia. Hapo Kiriri ipo kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi. Kijana anayeonekana usiku akitembea na kompyuta begani, au akibishana na wenzake juu ya programu asizozijua askari, si jasusi kwa sababu hiyo. Jasusi wa San Francisco hakuwa mgeni wa kutiliwa shaka barabarani. Alikuwa mfanyakazi mwenye beji halali. Polisi anayemnyang'anya mwanafunzi kompyuta yake bila sababu ya kisheria hajailinda siri yoyote ya taifa. Amelipunguzia taifa mtu mmoja ambaye kesho angeweza kutufundisha kulitenganisha jiwe la Gakara hapahapa nchini, hata nasi tukawa na siri inayostahili kulindwa.

Ulinzi wa kweli, ndugu wasikilizaji, una mikono miwili. Mmoja hulifunga lango mbele ya mwizi, na mwingine hulifungua mbele ya mwenye kutafuta elimu. Mlinzi mwenye mkono wa kwanza peke yake atabaki kulinda ghala tupu. Mwenye wa pili peke yake atajaza ghala lisilo na mlango. Askari wa zamu, ukiwa Kiriri au penginepo, unaambiwa uijue tofauti ya watu hao wawili, na tofauti hiyo haiandikwi katika beji. Huonekana kwa kuutazama uso, kuuliza kwa heshima na kuifuata sheria.