Maji ya Dubu Yalitoka Kwenye Beseni

Mke wa Chris Palmer alikuwa akitazama filamu ya mumewe. Dubu anatembea kijitoni, na maji yanasikika yakidondoka kutoka kwenye nyayo zake. Mliinasaje sauti ile? akauliza. Mume akasema kweli: fundi wa sauti alijaza beseni maji studioni, akatumbukiza mikono na viwiko vyake mwenyewe, akarekodi. Mama wa watu aliona amedanganywa.

Tangu nilipokutana na kisa hicho, beseni lile halijanitoka akilini.

Sababu ya kulitumia beseni inaeleweka. Kamera ya lenzi ndefu humvuta karibu mnyama aliye mamia ya mita mbali, lakini kipaza sauti hubaki palepale alipo mpiga picha, kikinasa upepo na pumzi zake. Picha ikipunguzwa kasi ndiyo kabisa, sauti haifai tena. Basi nyayo, mfupa unaovunjwa, mbawa zinazopigwa, vingi huundwa ndani ya chumba.

Palmer, aliyetayarisha filamu za wanyama kwa miongo kadhaa na kuandika Shooting in the Wild mwaka 2010, hajifichi. Anakiri kwamba mbwa mwitu wa filamu yake Wolves, ya 1999, walikodiwa kutoka shamba la wanyama. Anakiri kwamba nyangumi mama na mwana tunaosimuliwa katika Whales, kutoka Hawaii hadi Alaska, hawakuwa jozi ileile mwanzo hadi mwisho. Kwa mbwa mwitu anao utetezi, nami naupokea: kuingiza kamera kwenye pango la mnyama wa porini mwenye watoto ni kumtesa. Lakini anashikilia kwamba mtazamaji ana haki ya kuambiwa. Hapo tuko pamoja.

Kinachoniumiza zaidi ya beseni ni muziki. Mara ngapi tumetazama nyumbu wakivuka Mto Mara huku ngoma na fidla zikivuma kana kwamba ni vita? Aliyewahi kusimama ukingoni anajua mlio wao, ule mguno mzito wa maelfu kwa pamoja usiokoma. Si kelele ile. Msukosuko wa majini huwatenganisha mama na ndama, na wakifika ng'ambo huitana. Mama humtambua wake kwa sauti, kisha humnusa ahakikishe. Ndama asiyempata mamaye hana wa kumnyonyesha, maana nyumbu jike hamnyonyeshi mtoto wa mwenziwe.

Yaani habari yenyewe tuliyokaa kuitazama imo ndani ya mguno ule, na ndio unaofunikwa kwa fidla. Mguno huu haukuhitaji beseni. Unasikika kutoka mbali, kipaza sauti cha kawaida kinaunasa. Nani basi, ndani ya chumba cha kuhariri, aliyeamua kwamba hautoshi? Na mtoto wa Dar es Salaam au Nairobi ambaye hajafika Mara, anayemjua nyumbu kwa televisheni tu, ataisikia wapi ile sauti ya mama akimwita mwanawe?