Unga Bure, Mahamri kwa Dola

Kuanzia Mishomoroni hadi Magongo, mjini Mombasa, studio ya mtaani aghalabu ni chumba cha kulala. Godoro limeegemezwa ukutani kuzuia mwangwi, feni imezimwa isije ikanaswa na maikrofoni, na prodyuza anatiririkwa na jasho mbele ya laptopu kuukuu. Programu iliyomo, mara nyingi, ni ya kukraki.

Wanaochoshwa na virusi vya nakala hizo wako wanaohamia mfumo wa Linux, na huko hukutana na Ardour, programu ya kurekodi na kuchanganya sauti iliyoanzishwa na Paul Davis. Msimbo wake ni bure. Ile iliyokwisha tayarishwa, ukiichukua kwa watengenezaji wenyewe, huuzwa kuanzia dola 1. Ya majaribio hunyamaza baada ya dakika 10, hata kama msanii yuko katikati ya ubeti.

Ni kama kupewa unga bure ukauziwa mahamri.

Kujipikia ndiko kukompaili: maandishi ya C++ yageuzwe amri ambazo mashine inazielewa. Huandikwa ./waf configure, halafu ./waf. Hiyo ya kwanza ndiyo inayoliza watu. Hukagua maktaba zote, yaani misimbo iliyoandikwa tayari, ambazo Ardour inazitegemea. Ikikosa moja, yagoma. Ukiileta, yagoma kwa nyingine: leo hamira, kesho iliki. Kumbe kwenye Debian na Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, maktaba ya kutumia ni mbali, na vifaa vya kujengea ni mbali, katika vifurushi ambavyo majina yake huishia kwa -dev. Anayejua huandika sudo apt build-dep ardour, vikaja vyote kwa mkupuo, bando nalo likaenda. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa mwaka 2009, lakini wa Likoni bado anahesabu megabaiti.

Na wengi hawaihitaji taabu hiyo! sudo apt install ardour huleta iliyopikwa na watu wa Debian, bila senti, ingawa huenda isiwe toleo jipya kabisa.

Ardour ikishapatikana, kibarua hasa ni sauti kuchelewa. Mwimbaji wa chakacha akijisikia nyuma ya ngoma, mdundo humpotea. Bafa, yaani akiba ya sauti inayosubiri kushughulikiwa, ikiwa ya sampuli 1,024, kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, huchelewesha kwa milisekunde 21. Ya 256, kama 5 hivi. Ukiishusha mno kwenye mashine dhaifu, sauti hukwaruza. Hapo mtumiaji hujitia kwenye kundi liitwalo audio, ili programu ya sauti iruhusiwe kutangulizwa mbele ya kazi nyingine, kisha hutoka kwenye akaunti na kuingia upya. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo wanayoisahau.