Sarufi ya Picha Isiyosogea

Aghalabu tunaambiwa kwamba picha husimamisha wakati. Kauli hiyo haina ukweli mwingi. Kila picha hupigwa katika muda fulani, uwe mfupi au mrefu, na muda huo ndio unaoamua iwapo mwendo utaonekana au utamezwa. Mwaka wa 1838, Daguerre alipiga picha ya Boulevard du Temple jijini Paris. Kamera yake ilihitaji dakika kadhaa kuinasa nuru. Magari ya farasi na umati uliopita haukuacha hata kivuli. Aliyebainika ni bwana mmoja aliyesimama akisuguliwa viatu. Mtaa mzima uligeuka mahame kwa sababu ya wepesi wa miguu ya wakazi wake!

Chukua maporomoko ya Thomson kule Nyahururu. Kamera ikifunguka kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, kila tone huning'inia hewani kama shanga. Ikiachwa wazi sekunde nzima juu ya kiweko cha miguu mitatu, maji huwa utaji mweupe, huku miamba ikibaki imara. Wanafunzi wangu wa isimu hudai kwamba picha ya pili ni ya uongo. Nami huwauliza: ni nani aliyewahi kuliona tone likining'inia?

Hapa ndipo sarufi inapoingia. Wahariri wa magazeti yetu wamezoea kuandika chini ya picha: "Waziri akihutubia wananchi", "Mkulima akivuna chai". Kiambishi -ki- hakitaji mwanzo wala mwisho wa tendo, huliacha likiendelea. Kwa maoni yangu, ni chaguo la busara kuliko -na- tunayowahimiza watoto kuitumia kila wanapoeleza picha.

Hata hivyo, -ki- ina mpaka wake. Mwaka wa 1899, msafara wa Halford Mackinder ulipiga picha za barafu ya Lewis katika Mlima Kenya. Ukiitazama mojawapo peke yake, huoni badiliko lolote. Iweke kando ya picha ya miaka ya karibuni, nawe utaona mabaki tu ya barafu iliyotanda bondeni. Hapo ndipo tunapopata haki ya kusema "imepungua". Kiambishi -me- hudai ushahidi wa nyakati mbili.

Nawasihi walimu basi: kila shule ina kilima, mto au msitu jirani. Chagueni jiwe moja la kusimamia, kamera ielekezwe upande ule ule, mwezi ule ule, kila mwaka, na tarehe iandikwe. Simu ya mkononi yatosha. Siku mto utakapokauka, wapo watakaowauliza wanakijiji wanajuaje kwamba uliwahi kujaa. Picha 10 ukutani mwa darasa zitajibu swali hilo kabla mzee yeyote hajaitwa kutoa ushahidi.