Jiji la Dar es Salaam Lina Watu Wangapi?

Mkazi wa Mbagala akipanda daladala la Kariakoo husema anakwenda mjini. Wa Tegeta husema hivyohivyo, na wa Chanika vilevile. Wote ni watu wa Dar, lakini kisheria ni mmoja tu kati yao anayeishi ndani ya Jiji la Dar es Salaam. Ni huyo wa Chanika, kule pembeni kabisa.

Imekuwaje? Tarehe 24 Februari 2021 Rais Magufuli alivunja Halmashauri ya Jiji ya zamani, ambayo haikuwa na eneo lake yenyewe bali ilikaa juu ya manispaa tano. Manispaa ya Ilala ndiyo ikapandishwa hadhi na kurithi jina la jiji. Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni zikabaki manispaa. Kwa hiyo mwanachuo wa Muhimbili, pale Upanga, yuko jijini. Sisi wa DUCE, Chang'ombe, tuko Temeke tu. Hata Masaki na maghorofa yake yote haimo, maana ni Kinondoni.

Sasa tuje kwenye hesabu. Sensa ya 2022 iliipa Jiji watu 1,649,912, na Mkoa mzima watu 5,383,728. Namba zote mbili ni sahihi, na kati yake wamo zaidi ya watu milioni 3.7.

Hatuko peke yetu. Jiji la London lenyewe, lile la kihistoria, lilikuwa na wakazi wasiofika 10,000 mwaka 2021, ilhali London tunayoisikia kwenye mpira ina karibu milioni 9. Uingereza hadhi ya jiji hutolewa na mfalme au malkia, wala si lazima watu wawe wengi: St Davids, huko Wales, ni jiji lenye watu chini ya 2,000. Kenya wao wameandika namba kwenye sheria. Mwaka 2011 jiji lilitakiwa kuwa na watu 500,000, na mwaka 2019 kiwango kikashushwa hadi 250,000. Nakuru ikatangazwa jiji Desemba 2021, Eldoret ikafuata Agosti 2024.

Mwaka 2020 Umoja wa Mataifa uliidhinisha njia nyingine ya kulinganisha nchi. Mipaka ya halmashauri inawekwa kando, na ardhi inagawanywa katika miraba ya kilomita moja ya mraba. Miraba inayogusana, kila mmoja ukiwa na watu 1,500 au zaidi, ikifikisha jumla ya watu 50,000, hilo ni jiji. Kipimo hiki hakisimami kwenye kibao cha "Karibu Mkoa wa Pwani". Kinafuata nyumba popote zinapoelekea, iwe ni Vikindu baada ya Kongowe, au Kiluvya njia ya Kibaha. Wapo watu huko wanaoamkia Kariakoo kila siku, lakini kwenye sensa ni watu wa Pwani.

Kwa nini mwanachuo ajali? Chukua Kinondoni. Mwaka 2012 ilikuwa na watu 1,775,049, na mwaka 2022 ikawa na 982,328. Ukikurupuka utaandika kwenye tafiti yako kwamba watu karibu laki nane wamehama. Hakuna aliyehama! Katikati hapo Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni. Ukizijumlisha unapata 2,069,240, yaani watu wameongezeka. Temeke nayo inaonekana imepungua kidogo, kutoka 1,368,881 hadi 1,346,674, kwa sababu Kigamboni imetoka. Ukiirudisha unapata 1,664,576.

Na hili si suala la maksi tu. Maji, barabara, madarasa na mabasi hupangwa kwa kugawanya kwa idadi ya watu. Anayepanga usafiri kwa kuangalia Jiji peke yake amemwacha abiria wa Mbagala. Anayeishia kwenye Mkoa amemwacha wa Vikindu, na huyo anagombania siti ileile.

Kwa hiyo, unapoandika "Dar es Salaam" kwenye andiko lako, taja kama ni Jiji, Mkoa au eneo lote lililojengeka, na weka mwaka wa mipaka uliyotumia. Ukiona ripoti isiyosema hivyo, uliza kwanza nani hakuhesabiwa.