Lango la Mzizi Halimtambui Adui

Ndugu askari, kila mmoja wetu aliyepata kushika zamu langoni anaijua kanuni ya kwanza ya ulinzi: asiyetambulika haingii. Mmea wa bangi nao una malango yake ardhini, lakini mlinzi wake huwapitisha rafiki na adui kwa pamoja.

Kila mmea hutaka chakula kutoka katika udongo. Kipo kitakiwacho kwa wingi, kama naitrojeni na potasiamu. Kipo pia kitakiwacho kwa uchache mno, nacho ni chuma, zinki, manganizi, shaba na vinginevyo. Uchache huo si wa kupuuzwa: chuma kikikosekana, majani machanga hugeuka manjano na mmea hudumaa.

Chuma ki tele katika udongo wetu mwekundu, ila kimeshikamana humo mfano wa kutu, wala hakiyeyuki kwa urahisi. Kwa hiyo mizizi ya bangi, kama ilivyo kwa mimea mingi ya majani mapana, hutoa asidi kidogo ili kukilegeza, kisha hukiingiza kupitia vijilango vidogo mno. Hapo ndipo ulinzi ulipo dhaifu. Vijilango hivyo hupitisha pia zinki na manganizi, na nyuma yao hujipenyeza kadimiamu, madini ya sumu yatumikayo katika baadhi ya betri. Risasi nayo, yale madini ya kutengenezea risasi za bunduki, hupata njia yake.

Wataalamu waliiona tabia hiyo wakaitumia kwa wema. Mwaka 1998 bangi ya nyuzi, ile isiyolevya, ilipandwa karibu na Chernobyl, nchini Ukraine, ambako kinu cha nyuklia kiliripuka mwaka 1986. Nia ilikuwa kujaribu kuusafisha udongo.

Basi na tujiulize: uchafu utokao katika udongo huenda wapi? Huenda ndani ya mmea, na sehemu yake hufika majanini. Mvutaji huuwasha moto na kuuvuta hadi mapafuni. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, uliochapishwa mwaka 2023, uliangalia vipimo vya watu zaidi ya 7,000. Damu ya watumiaji wa bangi wasiovuta tumbaku ilikuwa na risasi zaidi kwa asilimia 27, na kadimiamu zaidi kwa asilimia 22, kuliko ya wasiotumia vyote viwili. Kadimiamu hukaa katika figo kwa miaka mingi na kuzidhoofisha. Risasi hudhuru ubongo na neva.

Wapo wenzetu wasemao, "Hili ni jani tu." Je, wanajua lilipandwa wapi? Kando ya barabara kuu? Jalalani? Juu ya mabaki ya mgodi? Sumu hiyo haionekani wala hainuki, na kikulacho ki nguoni mwako.

Mzizi hauna akili ya kukagua apitaye. Askari anayo. Na aanze kwa kulilinda lango la mwili wake mwenyewe.